Mama wa Meno na Wivu Wangu

Hapa Kalemie tuko madaktari wa meno wachache, lakini watu walikuwa wanamjua mmoja tu. Walimwita Mama wa Meno, kana kwamba sisi wengine tulikuwa tunatibu kucha. Mgonjwa aliingia katika kliniki yangu karibu na ziwa, akanikuta nimevaa koti jeupe, diploma yangu iko ukutani juu ya kichwa changu, na bado akaniuliza: "Dokta, samahani, kwa Mama wa Meno njo hapa?" Nilimjibu kwamba kwa Mama wa Meno ni kule kilimani, apande na ile njia ya kanisa. Akashukuru kwa heshima na kutoka.

Nilifanya kazi mji mmoja naye miaka mingi, na miaka yote hiyo nilimwonea wivu. Sitaki kujifanya kwamba nilimtazama kwa macho mengine. Kila ninachokikumbuka juu yake nilikiona kwa macho hayo, na labda ndiyo sababu nilikiona vizuri. Mtu unayempenda unamsamehe mambo na kuyasahau. Mimi sikumsamehe hata namna alivyofunga kitenge chake.

Alikuwa mrefu, mabega mapana, sauti nzito ya kuamrisha. Alivaa kitenge chini ya koti la kazi na viatu vya kiume, na alikuwa na mkono mzito. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wake, hilo hata wagonjwa wake walikiri. Walirudi kwake hata hivyo. Aliwagombeza, nao walirudi. Nilimsikia siku moja akimwambia mchungaji mkubwa wa mji, mlango ukiwa wazi na watu wamejaa barazani: "Baba Mchungaji, kila Yenga kwenye ibada unatuambia tuache zambi, na wewe unashindwa kuacha limonade?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchungaji mwenyewe alicheka na kinywa kimejaa pamba. Ningesema mimi neno hilo, ningeitwa mbele ya wazee wa kanisa.

Majina ya watu hayakukaa kichwani mwake. Alikaa na mimi kwenye mikutano, tukala pamoja bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wa mukeke kwenye sikukuu, na bado aliniita "mudogo wangu." Naamini jina langu hakulijua. Lakini kinywa alichokifungua mara moja hakukisahau. Sokoni alisimama mbele ya mama muuza ndagala, akamtazama, akashindwa kumtambua, kisha akamwambia: "Mama, fungua kinywa kidogo." Mama yule akafungua palepale, samaki mkononi. "Ah! Ni wewe! Mutoto alipona ile homa?" Mama yule alifurahi kama mtu aliyesalimiwa na gavana. Mimi niliyajua majina ya wagonjwa wangu wote na ya watoto wao, na hakuna aliyenifurahia hivyo.

Kitu kilichoniudhi zaidi kilikuwa picha zake.

Kwa Mama wa Meno hukutibiwa kabla ya kupigwa picha. Aliyekuja kung'olewa au kuzibwa jino alipigwa picha ya mionzi, kwa kimashine cha kushika mkononi kama kamera kubwa ya harusi. Aliyekuja kusafishwa tu alipigwa picha ya kawaida. Picha ilitokea papo hapo kwenye ordinateri, kompyuta yake. Aliandika chini yake jina la mgonjwa, jina la mama yake, kijiji na tarehe, kisha nakala nyingine akaituma Lubumbashi ikatunzwe huko. Meza yake ilikuwa aibu: makaratasi, vikombe vya chai, simu mbovu, kitana. Lakini ndani ya ile ordinateri kila kinywa kilikuwa mahali pake. Alipopata panneau za jua juu ya paa, picha zake hazikuogopa tena hata umeme kukatika.

"Mama, za nini zote hizi?" nilimwuliza mbele ya wenzetu kwenye mkutano wa madaktari. "Jino umeshaling'oa, limetupwa. Picha yake unaiweka ya nini?"

"Kwa siku ile muntu hataweza kusema jina lake mwenyewe," akajibu.

Mwenzetu mmoja akasema sisi si polisi. Tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Yeye hakukasirika. Alitueleza pale, akiwa amesimama, kwamba maji yanaharibu uso, moto unaharibu vidole, lakini meno yanabaki, na kizibo kilichowekwa na mkono wa daktari hakifanani na kingine. Akasema kuna mahali duniani jambo la kwanza wanaloomba baada ya ajali ni mafaili ya daktari wa meno. "Sasa siku watakuja kuniomba mimi, niwape nini? Niwape hadithi?" Nilijua hayo yote kutoka chuoni. Niliyasoma, nikafaulu mtihani wake. Kilichoniuma ni kwamba niliyajua na hayakunifanya niinuke kwenye kiti.

Mwaka mwingine alifika msichana mwanafunzi kutoka Lubumbashi, anafanya kazi yake ya kumaliza masomo. Alitembea kwa madaktari wa meno wa jimbo na maswali yake: je, unatunza picha za meno kwenye ordinateri? Je, unajua zinaweza kutumika kumtambua maiti? Je, ungeitwa, ungejua la kufanya? Nilijibu ndiyo kila mahali, nikamrudishia karatasi yake kabla chai yake haijapoa. Kwa Mama wa Meno alikaa mchana mzima. Nikamwuliza baadaye Mama alijibu nini. Kumbe kwenye swali la mwisho alijibu hapana. Aliandika kwamba anajua kutunza, anajua kulinganisha kidogo, lakini hajawahi kusimama mbele ya maiti, kwa hiyo hawezi kusema anajua. Yule msichana aliniambia: "Katika wote, Dokta, yeye njo alinifundisha." Nilikunywa chai yangu bila kuonja kama ina sukari.

Ila nisiseme kwamba alipenda kujionyesha. Mara moja polisi alimletea mtu aliyeumwa mkononi katika ugomvi wa sokoni, alama za meno zinaonekana, na wanawake wawili wanashukiwa. Polisi alitaka atazame picha zake aseme ni meno ya nani. Watu walijaa mpaka barabarani kusubiri muujiza. Akatazama mkono ule, akaosha kile kidonda, akasema: "Ngozi inavutika. Alama ya kuuma kwenye ngozi haiwezi kunionyesha muntu bila mashaka. Sitamufunga mama wa watu kwa mashaka. Na foto za wagonjwa wangu sizifungui kwa ajili ya ugomvi." Watu walitawanyika wamenuna. Mimi nilifurahi, nikasema moyoni leo ameanguka. Ajabu, kuanzia wiki ile hata polisi wenyewe walianza kupeleka wake zao kwake.

Kisha ziwa likapanda.

Kila mtu wa Kalemie anayakumbuka maji yale. Hayakuja kwa fujo. Yalikuja polepole, msimu kwa msimu, yakachukua mchanga, yakachukua barabara, yakaingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyepiga hodi. Kliniki yangu ilikuwa bondeni. Mafaili yangu ya karatasi, ya wagonjwa wote niliowatibu tangu nianze, yalikuwa kwenye droo za chini. Nilifika asubuhi nikayakuta yamekuwa uji.

Wa kwanza kuja kunisaidia alikuwa yeye. Alishuka kilimani na buti za mvua, na vijana wa kanisa nyuma yake, akaingia majini mpaka magotini, akashika kiti changu cha wagonjwa upande mmoja na mimi upande mwingine. Tulikipandisha barabarani. Akanitazama nimeshika droo inayomwaga maji.

"Pole, mudogo wangu. Sasa utaanza na ordinateri."

Alisema kwa upole. Ningependa angesema kwa dharau, ningepata cha kushikilia.

Nilihamia juu, karibu na kituo cha treni, nikaanza upya. Na ni huko nilikuwa siku mashua ilipozama.

Ilikuwa inatoka Moba, imejaa watu na magunia, upepo ukaipiga karibu na Zongwe. Wengine waliogelea, wengine waliokotwa na wavuvi. Wengine ziwa liliwashika siku nyingi kabla ya kuwaachia. Walioletwa mapema walitambuliwa na ndugu zao, wakazikwa. Kisha akaletwa kijana mmoja ambaye uso wake haukuwa tena wa kutazamwa, na juu yake koti la jinzi lenye mfuko ulioshonwa kwa uzi mwekundu.

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, jirani yangu, ndiye aliyelitambua koti. Mke wake marehemu aliushona ule mfuko. Mtoto wake alikuwa ndani ya mashua. Lakini kulikuwa na mama mmoja, mfanyabiashara wa samaki kutoka upande wa Fizi, ambaye mtoto wake naye alikuwamo, na yeye alisema urefu ule ni wa mwanawe, miguu ile ni ya mwanawe. Manusura mmoja aliwaambia kwamba vijana wale wawili walikaa pamoja, na kwenye upepo walikuwa wanaazimana koti. Basi maiti mmoja, wazazi wawili. Walilia wakiwa wamekaa benchi moja mbele ya morgi, chumba cha maiti cha lopitali, kila mmoja na ndugu zake, na ndugu walianza kutazamana vibaya.

Mtoto wa yule mama alikuwa mgonjwa wa Mama wa Meno. Mtoto wa yule mzee, Papa wa reli kama tulivyomwita, alikuwa mgonjwa wangu. Ndiyo maana mzee alikuja kunichukua nyumbani. "Twende, Dokta. Wewe njo ulimutibu. Utawaambia."

Nilimkuta Mama wa Meno ameshafika, na kile kimashine chake, na ordinateri chini ya kwapa. Mtu wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, alikuwepo kwa ajili ya sheria, na daktari wa lopitali. Mama hakutazama meno ya maiti kwa macho na kutoa jibu, kama nilivyofikiri atafanya. Alipiga picha mpya za mionzi, akirudia kila moja mpaka pembe ilingane na zile za zamani za mtoto wa yule mama wa Fizi. Ile ilikuwa mara yake ya kwanza. Kisha akaziweka kwenye kioo, za zamani kushoto, mpya kulia, akasogea pembeni.

"Mudogo wangu, tazama wewe kwanza. Usinisikilize mimi."

Nilitazama. Na nitasema ukweli: nilitafuta kosa. Nililitafuta kwa moyo wangu wote. Gego la chini kulia lilikuwa limezibwa, na kizibo kilikuwa na umbo la kiatu cha mtoto, kisigino kimeinuka. Kushoto kiatu, kulia kiatu. Mzizi wa jino la jirani ulipinda kama ndoano. Pande zote ndoano. Jino la mwisho lilikuwa limelala ubavu ndani ya mfupa, halijawahi kutoka. Pande zote limelala vilevile. Nilirudia. Nilitafuta jino moja tu lililokuwepo pale ambapo zamani lilikuwa limeng'olewa. Sikulipata.

"Ni mtu mmoja," nikasema.

"Una mashaka?"

"Sina."

Akavuta pumzi, akatoka nje, na mimi nyuma yake. Alichuchumaa mbele ya yule mama, akashika mikono yake miwili. Hakuzunguka.

"Njo yeye, Mama. Njo mutoto wako."

Mama yule alitoa sauti ambayo sitaki kuiandika. Ndugu zake walimshika. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya kilio kile nilimwonea Mama wa Meno wivu kuliko siku zote. Si wivu wa wagonjwa wala wa sifa. Niliona wivu kwa neno lile. Kuweza kumtazama mzazi machoni na kusema njo yeye, ndiye huyu, na iwe kweli.

Kwa sababu Papa wa reli alikuwa amenigeukia.

"Na wangu, Dokta? Ulimutoa jino. Uko na foto yake?"

"Papa, karatasi zote zilienda na maji."

"Lakini wewe unakumbuka."

Nilimkumbuka kijana. Nilikumbuka alivyonitania kwamba nimng'oe polepole, asije akabaki bila la kutafunia nyama. Lakini jino lenyewe, juu au chini, kushoto au kulia? Nilifumba macho nikalitafuta. Kicheko chake kilikuja. Jino halikuja.

Tulipokuwa tunaondoka nilimwuliza Mama wa Meno kwa nini alinitanguliza mimi kutazama, wakati daktari wa lopitali alikuwepo. Alikuwa anafungafunga nyaya zake. "Kwa sababu wewe hunipendi," akasema. "Kama kungekuwa na kosa, ungelipata." Akapanda pikipiki na kwenda. Nilibaki nimesimama pale uwanjani kama mtu aliyevuliwa nguo. Kumbe alijua, miaka yote, na alikuwa ameona wivu wangu unaweza kufanya kazi.

Baadaye wavuvi walimleta mwingine, kutoka kusini zaidi, bila nguo, bila alama. Mama wa Meno alimpiga picha naye, akamtunza bila jina. Hapakuwa na cha kulinganisha. Mzee wa reli alisema atamzika kama wake, maana hakuna mwingine aliyemdai, na kijana hawezi kulala bila kuzikwa na mtu. Tulimzika.

Tangu hapo mzee alikuja kwangu kila Jumamosi. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, tukaongea habari za treni ambazo haziji, bei ya unga, goti lake. Kabla ya kuondoka aliuliza kwa sauti ya chini: "Dokta, unafikiri njo yeye tulimuzika?" Na mimi kila mara nilijibu: "Tumuachie Mungu, Papa." Akaitikia na kutoka. Mjini sifa za Mama wa Meno zilizidi, madaktari wa Moba na wa Ankoro walimpigia simu kuuliza watunze vipi picha, na mimi nilikuwa na mzee mmoja wa Jumamosi na jibu moja ambalo halikuwa jibu. Nilinunua mashine. Nilianza kutunza. Kila picha niliyoiweka niliona niko nyuma ya Mama kwa hatua moja.

Mara ya mwisho kukaa na Mama wa Meno ilikuwa mwaka huu. Alikuja mwenyewe kliniki kwangu, Jumamosi, amejifunga kitambaa shavuni. Nilidhani amekuja kunikosoa.

"Jino," akasema. "Mtu hawezi kujing'oa mwenyewe."

Alikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote niliowahi kuwatibu. Alishika mkono wangu kabla sijamgusa, alinung'unika, alinieleza namna ya kushika koleo. Lakini sindano ilipomkolea alitulia, na nililing'oa vizuri, lilitoka zima. Nikamwekea pamba. Ilikuwa ajabu kukaa chumba kimoja naye na kusikia magari ya barabarani.

Kisha akaitoa pamba, ingawa nilimkataza.

"Yule mama wa samaki, yule wa mashua," akasema. "Unajua tangu siku ile hanisalimii? Ananiona sokoni, anavuka barabara. Watu wananisifu kwa ajili yake, na yeye hawezi kutazama uso wangu. Kabla nifungue kinywa, mutoto wake alikuwa bado anaweza kuwa Zongwe, amevunjika mguu, anatunzwa kwa watu. Mimi njo nilimumaliza."

"Ulisema kweli, Mama."

"Nilisema kweli." Akatazama ile pamba yenye damu. "Wewe, mzee wako anakuja kukaa na wewe. Watu wananiambia. Kila Jumamosi anakuja. Mudogo wangu, mimi nakuonea wivu mpaka usingizi unakimbia."

Nilichukua pamba mpya nimwekee, na hapo mlango ukasukumwa, akaingia Papa wa reli mwenyewe, na kofia yake mkononi, akamwona Mama kwenye kiti cha wagonjwa na kusita. Nikamwambia aingie. Alikwenda dirishani, akakaa. Hakutaka kuongea habari za treni siku hiyo. Labda kumwona yule mwanamke kulimkumbusha morgi. Akauliza moja kwa moja, mbele yake.

"Dokta, njo yeye tulimuzika?"

Mama wa Meno alinitazama. Neno langu la siku zote lilikuja mpaka kwenye ulimi, nikalimeza.

"Sijui, Papa," nikasema. "Sijui, na sitajua."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Hakulia. Alionekana kama mtu ambaye hatimaye amejibiwa. "Aksanti, Dokta," akasema. Kisha akainuka na kumkaribia Mama, akainama kidogo atazame shavu lake lililovimba.

"Na wewe, Mama, unaumwa nini?"

"Jino, Papa."

"Pole, Mama," akasema mzee. "Pole sana." Akamshika mkono, akamwinua kutoka kwenye kile kiti kigumu, akampeleka dirishani akamkalisha mahali pake, yeye akabaki amesimama karibu naye. Mama wa Meno, ambaye mji mzima ulikuwa umemwambia asante na sijui kama kuna mtu alikuwa amemwambia pole, aliinamisha kichwa juu ya mkono wa yule mzee na mabega yake mapana yakaanza kutikisika.

Niligeuka kuosha vyombo vyangu. Ile pole ilikuwa ya mzee wangu, kwenye kiti cha Jumamosi yetu, na hata hiyo nilimwonea wivu. Lakini nilifungua maji taratibu, yasipige kelele, ili wakae.